Sauti Mpya Kutoka Salamabila

Redio yetu ya Kasongo ina chumba kimoja cha kusemea. Ukutani wamepigilia magodoro ya zamani ili sauti za kuku wa jirani zisiingie, na bado zinaingia. Humo ndimo nilimofanya kipindi changu kila Jumapili saa tisa alasiri, watu wakiwa wamekwisha toka Misa ya pili, wamekula, wamejinyoosha. Kilikuwa kipindi cha nyimbo mpya za soul na jazz. Nalisema hili kwa majivuno, maana wakati ule nilijivuna kweli: ni mimi niliyezileta hewani hapa, mji unaokula rumba asubuhi na kwaya jioni.

Mwanzoni walinicheka. Nikipita sokoni, wauza mchele walinipigia kelele, "Mama wa redio, leo tena utatuliza?" Mmoja aliuita muziki wangu muziki wa kulia bila kufiwa, na jina likashika. Mimi sikukasirika. Mtu anayekucheka amekusikiliza. Baada ya miezi michache ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu ya redio. Fundi mwashi akataka arudishiwe ule wimbo wenye tarumbeta inayokwenda mbali halafu inarudi imechoka. Akina mama waliokuwa wakimenya karanga pamoja wakaandika kwamba yule dada wa juzi, ingawa hawakuelewa lugha yake hata neno moja, anajua mambo ya nyumba.

Sikusoma muziki popote. Nilikuwa na masikio, basi. Na nilikuwa na sheria moja: kipya ni kipya. Wimbo uliotoka kabla ya kiangazi kilichopita sikuupiga, hata uwe mtamu namna gani. Watu hudhani jazz ni ya wazee wenye tai waliokufa zamani, na soul ni ya mama zetu walipokuwa wasichana. Nilitaka wajue kwamba wiki hii hii, mahali fulani, mtu kama wao ameamka, ameshika chombo, ametoa kitu ambacho jana hakikuwepo. Nikawapigia mwanamke aliyejirekodi jikoni kwake na mpiga besi mmoja, mvua ikinyesha nje na wao wasiifute. Nikawapigia vijana watatu wenye piano ambao huanza wimbo katikati, kama umefungua mlango ukakuta watu wanaongea. Kila wimbo nilitaja nani anaimba, nani anapiga nini. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yangu kwa wasanii: mkono wa mtu usipite bila kutajwa.

Nyimbo zenyewe zilitoka kwa mume wangu.

Yeye ni fundi wa simu na spika. Kasongo kazi ilikuwa ndogo, akaenda Salamabila kwenye dhahabu, maana palipo na wachimbaji kila kitu huharibika na kila kitu hutengenezwa. Huko kuna mfanyabiashara mwenye mtandao wa sahani juu ya paa. Mume wangu alikaa chini ya paa lile na simu yake, akashusha nyimbo zilizotoka karibuni, akazitia kwenye kadi ndogo ya simu, akaifunga kwa kipande cha nailoni ndani ya kiberiti, akamkabidhi motari. Motari ndivyo tunavyowaita wenye pikipiki. Mvua ikinyesha, barabara huwa uji, na kiberiti changu kililala njiani, Lusangi, siku mbili, tatu, na mimi Kasongo nikitembea kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndani ya kiberiti kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, mwandiko wake mdogo: mwimbaji, wapigaji, wimbo umetoka lini. Chini aliandika neno langu mimi. "Huu usikilize peke yako kwanza." "Hapa dakika ya pili nilikukumbuka." Tulikuwa tumeoana miaka tisa, tuna binti wawili, na bado nilizificha karatasi zile chini ya nguo zangu kama msichana.

Tulikutana kwenye kwaya ya parokia. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, nyuzi amezigeuza, na kidole gumba chake huchelewa. Kiongozi wa kwaya alimgombeza sana kwa kuchelewa kule. Mimi ndiko nilikomwona.

Basi, mvua za mwanzo zilipoanza, kikaja kiberiti chenye wimbo mmoja tu. Karatasi ilisema: "Sauti mpya kabisa. Wamerekodi wenyewe, huku huku kwetu. Msanii hataki jina litajwe bado. Sikiliza, uniambie."

Niliusikiliza peke yangu kwanza, kama nilivyozoea. Halafu nikaketi juu ya ndoo ya maji, nikausikiliza tena. Ilikuwa soul, wala si ya kuigiza, na ilikuwa kwa Kiswahili chetu, na maneno mawili matatu ya Kibangubangu yameingia humo bila kuomba radhi. Sauti ya chini, ya kukwaruza kidogo, ya mtu aliyekaa karibu na moshi. Nyuma yake gitaa moja. Ndani ya wimbo mwanamke alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya mtu, mvua inampiga, naye haombi chochote ila neno moja. *Mwenye nyumba sema karibu, miguu yangu iko na tope. Usiposema sitaingia.* Mara tatu anarudia, na mara ya tatu hamalizi.

Jumapili ile nilisema hewani maneno ambayo nayakumbuka yote, kwa sababu baadaye nililazimishwa kuyasikia. Nilisema: "Ndugu wasikilizaji, tumengoja siku hii. Soul imezaliwa kwetu. Na mpiga gitaa huyu, sikilizeni anavyochelewa, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu." Wimbo ulipoisha, nikajisahau. Moyo ulinijaa. Nikasogeza mdomo kwenye maikrofoni nikasema, "Mimi sijui huyu mwenye nyumba anangoja nini. Mimi ningekuwa yeye ningejibu. Karibu, dada. Ingia. Nyumba ni yako."

Simu ya redio ilijaa. Watu waliuliza ni nani, anakaa wapi, ana wimbo mwingine? Nyumbani mama mkwe wangu, ninayeishi naye tangu mume aende Salamabila, alitoka jikoni akanitazama kitambo. "Umesema muzuri," akasema. Mama mkwe wangu hasifu ovyo. Nilifurahi mpaka nikamwoshea vyombo.

Kiberiti cha pili kikaja na wimbo wa pili wa sauti ile, cha tatu na wa tatu. Nikamfanya yule dada kuwa binti wa kipindi. Nilimtetea dhidi ya watu wa rumba. Nilimwita mdogo wangu. Binti zangu waliimba *sema karibu* wakienda kuteka maji. Na kila Jumapili, tangu ile ya kwanza, baba mdogo wa mume wangu, mtu mzima anayeshika kapu la sadaka kanisani, alikuja kukaa barazani pa redio, simu yake mkononi, akirekodi kipindi changu mwanzo mpaka mwisho. "Mukwe," aliniambia nikitoka, "ule wimbo wa tope, Jumapili urudilie." Nilimhesabu kuwa msikilizaji wangu mwaminifu kuliko wote. Nilimwambia hata mkurugenzi wa redio: tazama, mzee wa miaka ile, na ameipenda jazz.

Kisha kiangazi kilipoingia, akaja mwanamke wa Salamabila.

Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, amefiwa na kaka yake hapa Kasongo, ameleta tangazo la msiba. Mkurugenzi alimwambia angoje kipindi changu kiishe, akakaa kwenye benchi mlangoni. Ndani nilikuwa nimeweka *sema karibu*, kwa kuwa watu walikuwa bado wanaiomba. Nilitoka kunywa maji. Yule mama alikuwa ametega sikio, na katika huzuni yake akatabasamu.

"Eh! Mpaka huku munamusikia? Ule iko jirani yetu kabisa. Tunateka maji pamoja."

Moyo wangu uliruka. Nilimshika mkono. Nilimwambia kwamba namtafuta msanii huyu miezi yote, anipe jina lake, nimfanyie mahojiano.

"Si munge­uliza bwana yake? Iko mutu wa hapa hapa Kasongo. Ule fundi wa simu. Ndiye anamupigilia gitaa." Akainua mkono wake wa kushoto, akachezesha vidole hewani. "Anashikaka na huu mukono."

Nilimwachia mkono. Alidhani sikuelewa, akaeleza zaidi, kwa wema: kwamba wana nyumba nyuma ya soko, kwamba sasa dada amekuwa mzito, anakaribia kujifungua, kwamba watu wanasema fundi ana mke mwingine kwao lakini yule amekwisha kubali, hana neno. Mlango wa studio ulikuwa wazi, na wimbo ulikuwa bado unakwenda. Nikalisikia gitaa. Nililisikia kwa mara ya kwanza. Kidole gumba kilichelewa, kikaanguka, kikachelewa. Miaka tisa nimelala pembeni ya kidole kile. Nilikisifu hewani, nikakieleza kwa watu, nikakifananisha na mtu anayefikiri, na sikukijua. Mimi, mwenye masikio! Watu wa Kasongo walikuwa na haki ya kuniziba masikio kwa magodoro yale ya ukutani.

Nilirudi ndani, nikasoma tangazo la msiba la yule mama bila kukosea hata jina. Sijui nililisomaje.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anapeta mchele. Nilisimama mbele yake, na nadhani alijua kwa jinsi nilivyosimama.

"Mama, mulikuwa munajua?"

Aliendelea kupeta. Makapi yakaruka, mchele ukarudi. "Kaa kwanza, mutoto wangu."

"Sikai. Mulikuwa munajua?"

"Toka mavuno ya mwaka yenye ilipita," akasema. "Nilimuambia asikufiche. Akasema iko na namna yake ya kukuambia polepole. Halafu nikasikia weye mwenyewe unamukaribisha mu redio. Nikasema, basi, wameelewana."

Nilimpenda mwanamke yule. Alinipokelea binti zangu wote wawili kwa mikono yake. Ningeweza kumsamehe kwamba alinyamaza, mama ni mama, mwana akikunyea mkono huukati, unauosha. Lakini aliniona nikirudi kila Jumapili na uso unaong'aa, nikamsimulia habari za sauti mpya ya Salamabila, na yeye akaniwekea chakula.

Nilimpigia mume wangu. Mtandao wa Kasongo una hiari yake, ulinikubalia mara ya sita.

"Hapana kupiga kelele," ndiyo salamu yake. "Niko nakuja. Baba mudogo atakuelezea."

"Nieleze weye."

"Weye unapenda muziki yake. Si ulisema?"

Simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Hakuja. Aliyekuja Jumatano ni baba mdogo, na wazee wengine wawili wa ukoo, na mbuzi jike mweupe. Hapa lazima nieleze jambo la ukoo wao, ambalo nilipoolewa niliambiwa kama hadithi ya zamani na nikacheka. Katika ukoo wa mume wangu mwanamume haongezi mke kwa siri. Mke mkubwa ndiye anayemtoa mdogo hadharani. Ni lazima amtaje yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu, amsifu, amwite ndani. Zamani alifanya hivyo sokoni, siku ya soko kubwa. Asipofanya, yule wa pili ni mwanamke wa njiani, na watoto wake hawaitwi kwa jina la ukoo. Akifanya, wazee humletea mbuzi, anafungwa mlangoni pake, imekwisha. Waliniambia desturi ile inamlinda mke. Na kweli ingenilinda, kama ningejua niko sokoni.

Baba mdogo alifunga mbuzi kwenye nguzo ya baraza langu kabla hata ya kunisalimia. Aliketi, akatoa simu, akaiweka juu ya goti.

"Mukwe, tumekuja kushukuru. Weye umefanya kitu bibi wa siku hizi hawaweze kufanya."

"Nimefanya nini, baba?"

Akabonyeza. Sauti yangu ikatoka kwenye kile kispika kidogo, nyembamba, yenye furaha. *Karibu, dada. Ingia. Nyumba ni yako.* Wazee wakatikisa vichwa, kama watu wanaosikia Injili. Akabonyeza tena. *Huyu ni mdogo wangu, mpendeni kama mnavyonipenda mimi.* Akabonyeza tena. Alikuwa nazo Jumapili kumi na moja za namna hiyo. Nilimtazama mzee yule niliyemhesabu kuwa mpenzi wa jazz, nikaona kwamba hajasikia wimbo hata mmoja. Alikuwa akivumilia muziki, akingojea mimi niongee.

"Nilisifu wimbo," nikasema.

"Wimbo iko na mwenyewe."

"Sikumujua mwenyewe!"

"Desturi haiulize kama unamujua. Inauliza kama ulisema. Ulisema. Kasongo nzima ilisikia."

Nikawaambia kwamba tulifunga ndoa kanisani, mbele ya padri, na yeye baba mdogo alikuwepo, alikula mpaka akalegeza mkanda. Hakuona haya. "Kanisa iko na yake, ukoo iko na yake," akasema. Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na binti zangu, mkono wake juu ya kichwa cha mdogo. "Mutoto wangu," akasema, "pokea mbuzi. Ule mutoto mwenye atazaliwa hana kosa." Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilinikasirisha zaidi.

Niliinuka, nikamfungua mbuzi. Nilitaka kumkabidhi baba mdogo kamba kwa heshima, lakini mbuzi hakujua tuko kwenye mambo makubwa, akakimbilia bustani ya mama mkwe na kuanza kula matembele. Wazee wawili wakamkimbiza. Kama moyo wangu haungekuwa umepasuka ningecheka mpaka nikae chini. Baba mdogo peke yake hakutikisika. Alirudisha simu mfukoni, akasema kwamba mbuzi ni alama tu. Neno likishatoka halifungwi kamba.

Siku zilizobaki mpaka Jumapili sikulala vizuri, wala sitasingizia kwamba nilikuwa na mpango. Nilikasirika kwa zamu. Nilimkasirikia mume kwa uongo wake, kisha mama mkwe kwa ukimya wake, kisha mimi kwa majivuno yangu. Na kila hasira ilipochoka, wimbo ulikuwa unapita kichwani, nami nilijikuta nikiufuata kwa midomo. Hilo lilinitia haya kuliko mbuzi. Nilitoa karatasi zote kutoka chini ya nguo, nikazipanga kitandani. Kuanzia mvua zile, hakuna hata moja iliyokuwa na neno langu chini. Zilisema tu: sikiliza, uniambie. Sikuwa nimeliona. Nilipoanza kupewa sauti mpya, niliacha kuhesabu nilichonyimwa.

Jumapili mkurugenzi alinikuta mlangoni. Habari zilikuwa zimefika kwake, Kasongo si mkubwa hivyo. Ni mtu mwoga lakini si mbaya.

"Mama, mambo ya nyumba hapana kuyaleta mu redio."

"Mimi kazi yangu ni kutaja nani anaimba na nani anapiga," nikamjibu. "Ndiyo naifanya toka siku ya kwanza."

Akaniacha nipite.

Nilipiga nyimbo tatu mpya kwanza, zilizokuwa zimebaki kwenye kadi: wa kinanda, wa kaka mmoja anayeimba na mama yake, na mmoja wa ngoma zinazopigwa kwa viganja. Nilizitaja vizuri, kila mkono. Kisha nikasema: "Ndugu wasikilizaji, kuna wimbo mmoja ambao tangu mvua za mwanzo sikuwatajia wenyewe, kwa kuwa sikuwajua. Leo nawajua. Anayepiga gitaa ni mume wangu. Anayeimba ni mwanamke anayeishi naye Salamabila. Nilimwambia karibu kama mtu anavyouambia wimbo karibu. Kuhusu nyumba yangu hakuna aliyeniuliza, na sijajibu." Nikaweka wimbo.

Nikaupiga mpaka mwisho. Ningeweza kuukata, mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe. Lakini ulikuwa mzuri. Ulikuwa bado mzuri, Mungu anisamehe, ulikuwa ndio wimbo bora uliopata kutoka katika nchi hii yetu ya mchele na tope, na mimi nilikuwa mtu pekee Kasongo aliyeweza kueleza kwa nini. Nililia nikiwa nimefunga maikrofoni. Barazani baba mdogo hakuwepo.

Jumatatu mkurugenzi alinipa barua ya kusimamishwa, akaileta mwenyewe, akakaa na kunywa maji, akasema ataona baadaye. Ukoo ulisema nimewavua nguo. Sokoni wauza mchele hawakunipigia kelele tena, na nilitamani wanicheke kama zamani. Mama mkwe na mimi tulipeana chumvi na kupokeana watoto bila maneno mengi. Mume wangu hakupiga simu. Nilijiambia kwamba angalau jambo moja nimelishinda: neno lililochukuliwa kinywani mwangu nimelirudisha kinywani mwangu, kila mtu amesikia.

Redio yetu haifiki Salamabila. Mambo yetu hufika huko kwenye simu za watu, na pikipiki zilichukua siku nne kumfikishia yule mama wa vitenge, na yeye akayapeleka alikoyapeleka. Ijumaa mchana nilikuwa naanika mchele uwanjani simu ilipolia, namba nisiyoijua.

"Dada mukubwa," sauti ikasema.

Hakuhitaji kusema jina. Ile sauti ya moshi, ya chini, inayochelewa mwanzoni mwa kila sentensi. Nilikuwa nimejiandalia matusi ya kutosha mwaka mzima. Yote yalinikimbia, nikasimama na mikono yenye mchele.

"Nimesikia yenye ulisema Jumapili," akasema. "Nilikuwa naomba unielezee. Unasema hawakukuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Nilisikia pumzi yake, nzito, ya mwanamke wa miezi ya mwisho.

"Mimi nilimukataa mara mbili," akasema. "Nilijua iko na bibi. Nilimuambia, bila bibi yako kusema na kinywa chake, siingii. Mama yangu aliingia mu nyumba ya mutu bila kuitwa, nikaona mateso yake. Halafu yeye akaandika ile maneno ya tope, akaniambia, imba, nitamupelekea. Kama anakubali, atajibu. Tukangoja. Akarudi na telefone, akaniwekea sauti yako." Akakohoa, au akalia, sikuweza kutofautisha. "Ulisema karibu, dada. Ulisema ingia, nyumba ni yako. Nikaisikilia mara nyingi. Ile siku ndiyo nilimukubali."

Kuku waliingia kwenye mchele na sikuwafukuza. Tangu nipate akili nimeona wanaume wa kwetu wakituma watu kuwaombea mwanamke. Mmoja hutuma mjomba, mwingine shangazi, mwingine rafiki anayejua kuongea. Mume wangu alinituma mimi.